Nilikwenda Kumzika Mama Aliye Hai

Ndugu zangu wa jumuiya, na wewe Bi Zuhura wa duka la vitenge ambaye si wa jumuiya lakini ulifika kwangu kabla yao wote, tangu nirudi mnaniuliza kilichotokea na mimi nawajibu mapenzi ya Mungu, halafu nanyamaza. Si kwamba sina la kusema. Kila nikianza kusimulia kwa mdomo mtu ananikatiza na pole, na pole ikishaingia, habari inakwisha hapo hapo. Kwa hiyo nimeomba daftari kwa mjukuu wangu Happy. Shule yangu iliishia darasa la nne, mtanivumilia mwandiko.

Naanza na linalouma, nisije nikalizunguka mpaka mwisho. Siku ile mliyokuja kunililia, mama yangu hakuwa amekufa.

Karatu, simu ya Jumatatu

Daudi ni mdogo wangu, wa nne kwa mama. Anaishi kwetu Digodigo, mlango wake unatazamana na wa mama. Mtandao wa kule unapatikana juu ya kilima, kwa hiyo akipiga simu huwa anahema kama mtu aliyefukuzwa. Jumatatu alasiri alinipigia.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Mama anaumwa sana. Njoo."

"Nimesikia," nikasema. Simu ikakatika.

Ninyi mnajua tunavyosema sisi. Hakuna anayemtamkia mtu kwenye simu kwamba mama yako amekufa. Anaweza kuanguka barabarani. Tunasema anaumwa, njoo. Anayeambiwa anaelewa, na haulizi zaidi, kwa sababu kuuliza ni kumlazimisha mwenzako alitamke. Mimi mwenyewe nilimpigia wifi yangu Paulina hivyo hivyo, nikamwambia mumeo anaumwa, na mumewe alikuwa amefunikwa shuka tangu alfajiri. Alipofika hakunilaumu. Alinishukuru.

Basi nikakaa chini palepale mlangoni pa jiko. Happy akaniona, akamkimbilia Bi Zuhura, na yaliyofuata mnayajua kuliko mimi. Jumanne mlikuja na kuni, sukari na majani ya chai. Mama Felista akaanzisha nyimbo. Nikavaa gauni langu jeusi.

Jumanne hiyo hiyo asubuhi kulikuwa na gari dogo linalokwenda upande wa kwetu, limebaki na nafasi moja. Dereva aliniambia, bibi, panda, kesho mapema uko nyumbani. Nikakataa. Mtoto wa kwanza haendi msibani mikono mitupu, watu wakala chakula cha kuazima kwenye matanga ya mama yake. Nikasema nitangoja roli la Hamisi, la Jumatano, nipakie mchele na mafuta na sufuria kubwa mbili.

Na Daudi alipiga tena. Simu alipokea Happy, maana mimi nilikuwa katikati yenu nalia. Akamwambia, "Babu, bibi hawezi kuongea, analia tu. Lakini anakuja."

Daudi akasema, "Mwambie afanye haraka."

Happy akaniletea hayo maneno. Nikamjibu, "Haraka ya nini tena." Kama kuna aliyekuwa karibu akanisikia, ndivyo nilivyosema.

Getini na juu kwenye ukingo

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa geti la Lodware, la kuingilia Ngorongoro. Mambo ya vibali nayaacha, yanachosha hata kuyakumbuka. Mbele yetu palikuwa na foleni ya magari ya watalii, yale ya kufunguka juu, na roli la mahindi haliwezi kuruka foleni. Tulikaa hapo mpaka chai yangu ya chupa ikaisha.

Nilishuka kunyoosha magoti, nikakaa kwenye jiwe. Mzungu mmoja mama mtu mzima akanisogelea, akaniangalia gauni, akaniangalia uso, akasema na kijana wake wa kumtembeza. Yule kijana akaniinamia kwa adabu.

"Bibi, shikamoo. Mgeni wangu anauliza una miaka mingapi."

"Mwambie sijui hesabu hizo. Mwambie mpaka juzi nilikuwa mtoto wa mtu."

Akamtafsiria. Sijui alimtafsiria nini, maana mama yule akafurahi, akanipigia makofi madogo, akanipa pipi. Kijana akaona aibu. "Anadhani umesema wewe bado kijana," akaniambia.

"Muache adhani," nikasema. Pipi niliila. Ilikuwa na ladha ya dawa ya kikohozi.

Juu kwenye ukingo wa kreta ukungu ulikuwa mzito, Hamisi anaendesha kichwa nje ya dirisha. Yeye ni Mwislamu wa hapa hapa Karatu, mtoto wa marehemu mzee Salumu aliyekuwa na mashine ya kusaga. Hakuwasha redio, kwa heshima ya msiba wangu.

Pale kwenye ukungu nilimkumbuka mama, kwa sababu pale alipita kwa miguu. Nilipomzaa Regina, mwanangu wa kwanza, niliumwa nikawa sinyanyuki. Mume wangu Tluway alituma habari kwa wafugaji, zikaenda boma kwa boma mpaka Digodigo, na mama akaja. Alijiunga na Wamasai waliokuwa na punda mpaka Olbalbal, kutoka hapo akapanda na wanawake wawili tu wa kuokota kuni. Mgongoni kibuyu cha asali na viazi vilivyokaushwa, ukanda wa ngozi kwenye paji la uso. Alifika miguu imevimba, akauliza maji ya kumwogeshea mtoto kabla hajauliza ya kunywa.

Alikaa kwangu muda wa mwezi. Nilipopona nikamwambia, mama, sasa pumzika. Akaenda akalima ukingo wote wa shamba letu, akapanda maharage, na siku yalipotoa jani akarudi kwao. Tluway alimwambia angoje gari la misheni. Akasema, "Mkwe wangu, gari likichelewa, viazi vyangu vinanywa nini?"

Nilimweleza Hamisi hayo yote. Akasema, "Mwenyezi Mungu amrehemu." Nikaitikia amina. Mama wakati huo alikuwa amekaa mlangoni kwake anakunywa uji.

Olbalbal, nyumbani kwa Namnyaki

Tuliposhuka bonde la Olbalbal springi ya nyuma ikakatika. Ulikuwa mlio kama wa mti unaovunjika. Hamisi akashuka, akaangalia, akakaa chini kwenye vumbi. Alipokuwa anavua shati ili aingie chini ya gari nikajua hatuondoki leo.

Olbalbal wakati wa kiangazi ni vumbi linalotembea. Ng'ombe unawasikia kengele kabla hujawaona. Boma la karibu lilikuwa la mwanamke mmoja anaitwa Namnyaki, makamo, Kiswahili chake kizuri kwa sababu amewahi kuuza shanga Karatu. Aliponiona na gauni jeusi akanishika mkono.

"Koko, karibu. Una msiba?"

"Wa mama."

"Wewe mzee hivi ulikuwa na mama? Mungu alikupenda." Kwa Kimasai koko ni bibi, na hivyo ndivyo walivyoniita mpaka naondoka.

Aliniweka kwenye kigoda nje ya nyumba. Baadaye akaja na beseni la maji, akaliweka karibu na miguu yangu, akarudi ndani. Na mimi nikaosha uso. Nikaosha mikono. Nikavua viatu, nikaosha miguu yote miwili, nikajimwagia na shingoni. Namnyaki alipotoka ameshika sufuria tupu, akasimama. Mama mkwe wake, kikongwe aliyekuwa amejilaza kivulini, akasema kitu kwa Kimasai na watoto wakacheka.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema wewe ni mtu wa kwenye mto."

"Ni kweli, sisi Wasonjo tuna mifereji."

"Nimejua," Namnyaki akasema, anaangalia lile beseni. "Koko, umeosha miguu kwa chai yetu."

Maji yale yalikuwa ya chai na ya ndama wawili wagonjwa. Punda walikuwa wametoka nayo mbali tangu kulipopambazuka. Aliliweka pale karibu yangu kwa sababu kulikuwa na kivuli, basi. Nilitaka ardhi ifunguke. Nikasema nisamehe mwanangu, nikasema sana, yeye akachota yale maji machafu kwa kikombe akawapelekea ndama. Walikunywa. Sisi tukanywa maziwa ya kwenye kibuyu, yana harufu ya moshi, na yule kikongwe kila nikimeza ananitazama miguu.

Niwaambie kwa nini nilikuwa mjinga wa maji, mimi niliyezeeka. Digodigo maji yanapita mfereji mwaka mzima, lakini yana wenyewe, wazee wa maji, na kila shamba lina zamu. Baba yangu Petro alikuwa na zamu nzuri, ya asubuhi. Siku moja alipanda mti kutundika mzinga wa nyuki, tawi likavunjika. Mama akabaki na mimi, Yohana, Monika, Daudi mgongoni na Elia tumboni. Hata arobaini haijafika, wazee wakasema zamu ya Petro ilikuwa ya Petro. Mjane ataomba.

Akaomba. Wakampa maji ya mwisho, yale yanayobaki wenzake wote wameshamaliza, matope yanayotambaa kama konokono. Mimi na Yohana tulikuwa tunayasukuma kwa mikono yaingie kwenye matuta. Mama hakulia mbele yetu. Alikuwa anasema, "Sukumeni, hayo hayana macho, hayajui kama sisi hatuna baba." Kwa maji hayo alitulisha wote watano. Yohana alikufa kwa surua, hakufa kwa njaa. Mama alipenda hilo lieleweke.

Namnyaki nilipomsimulia hakusema pole. Alisema, "Mama yako alikuwa punda." Nikaona amenitukana. Akanitazama akaona nimebadilika uso. "Koko, sisi hapa punda ndiye anatuweka hai," akasema. Nikamwelewa, lakini kidogo tu.

Malambo, kikombe cha Gabrieli

Springi ilifungwa kwa minyororo na magogo, Alhamisi tukatambaa mpaka Malambo tukafika jua linazama. Hamisi alikuwa na mahindi ya kushusha kwa watu wake, na mahindi hayashuki gizani. Nikalala kwa mama mmoja wa Kichaga mwenye hoteli. Simu yangu ilikuwa imekufa tangu Olbalbal.

Ijumaa asubuhi nilikaa kwenye benchi, nikaletewa supu ya mbuzi na chapati. Malambo ndiko mama alikokuwa analeta viazi vyake kubadilishana na Wamasai, anapata ngozi, anapata mbuzi mdogo. Safari ya kwenda na kurudi, mzigo mgongoni, na nyumbani hajamaliza palizi. Monika alizaliwa njiani mama akirudi, karibu na korongo, akamkata kitovu mwenyewe kwa kisu cha viazi. Huyo Monika naye alikuja akafa kwa uzazi, hospitali, kitandani, amezungukwa na watu. Mama hakulielewa jambo hilo mpaka mwisho.

Akaingia Gabrieli. Ni mtu wa kwetu, anauza asali, mama yake Filomena aliimba kwaya na mimi tukiwa wasichana. Alikuja kwa miguu na lifti, ametoka Digodigo jana yake.

"Shikamoo, Mama Regina. Umefikaje huku?"

"Marahaba, Gabi. Nakwenda msibani, si unajua."

Akakaa, akapokea kikombe chake cha chai. "Msiba wa nani?"

"Wa mama."

Akaweka kikombe. "Mama yupi?"

"Gabi, usinitese. Mama yangu. Bibi Martina."

"Bibi Martina nimemwacha jana asubuhi," akasema taratibu, kama mtu anayeongea na mgonjwa wa akili. "Amekonda, hasimami. Lakini mdomo upo. Amenitukana kwa sababu mwezi uliopita nilisahau ugoro wake. Huu hapa, nimeununua sasa hivi." Akatoa kifurushi mfukoni, akakiweka juu ya meza kati ya supu yangu na chai yake.

Nilikiangalia kile kifurushi. Nikacheka. Nilicheka mpaka mama wa Kichaga akatoka jikoni.

"Anakuulizia kila siku," Gabrieli akasema. "Vero amefika? Vero yuko wapi? Sisi tumeshangaa, Daudi amekuambia tangu Jumatatu."

Hapo kicheko kikaniishia. Nilijua mara moja nilichokifanya, bila mtu kunieleza. Daudi alikuwa amesema kitu kama kilivyo, na mimi nikakitafsiri.

Hamisi alisema mchele nimwachie yeye, ataleta. Akaenda kunitafutia pikipiki. Na hapa ndipo nilipofanya kosa la pili, ambalo silisemi kwa watu. Nilijitazama nikajiona niko na gauni jeusi. Nikasema siwezi. Mama yuko hai, anakaa mlangoni, ananiona natokea na nguo ya kumzika, si nitakuwa nimemuua mimi? Nguo nyingine sikuwa nayo, nilifungasha mbili tu na zote nyeusi. Nikaanza kuzunguka maduka natafuta kanga. Duka la kwanza limefungwa, mwenyewe kaenda kuchunga. La pili lina sabuni na betri. Dereva wa pikipiki amekuja, ananifuata nyuma na pikipiki yake kama mbwa. Mwisho nilipata shuka la Kimasai, jekundu, nikajifunga juu ya lile gauni mpaka shingoni. Kwenye kazi hiyo jua lilipanda sana. Saa nzima, labda zaidi.

Uwandani, nyuma ya Lekishoni

Dereva aliitwa Lekishoni, baba mzima mwenye mvi, masikio yametobolewa makubwa. Nilipanda pikipiki mara yangu ya kwanza.

"Koko, shika mimi. Usishike kiti, kiti kinatoka."

Nikamshika. Uwanda wa Salei ni mchanga, na upepo unauleta usoni kama unatupiwa na mtu. Pundamilia wanasimama wanatuangalia, hawana shida na mtu. Nilikuwa nahesabu kwa majina. Nilitaja wajukuu wa mama wote, halafu vitukuu, Happy, Jofrey, Neema, Neema wa pili, Baraka, Witnesi, Elia mdogo aliyepewa jina la mdogo wangu Elia aliyekwenda machimboni Mererani akapotea huko. Mama alikuwa anawajua wote na siku walizozaliwa mvua ilikuwaje. Nilijiambia nikimaliza majina tutakuwa tumefika. Nikamaliza mara tatu.

Kwenye korongo la kwanza gurudumu la nyuma likapasuka. Lekishoni akalitoa, akaanza kuziba kwa kipande cha mpira na gundi. Nikamwambia, "Baba, fanya haraka, mama yangu anaumwa."

Akainua kichwa akanitazama kwa huruma sana. "Pole, koko," akasema. "Mungu amlaze pema."

"Hapana. Anaumwa kweli."

"Ndiyo, ndiyo," akasema, na akapunguza mwendo wa mikono, kwa heshima. Nilimweleza mara nne. Mara ya nne ndipo aliponielewa, akaacha gundi haijakauka vizuri, akapachika gurudumu tukaondoka.

Digodigo

Unakijua kijiji chetu kwa kijani. Unatoka kwenye mchanga, ghafla kuna migomba na matuta ya viazi na maji yanapita. Tulifika kama saa nane mchana. Njiani sikusikia kilio. Nikafurahi, nikamwambia Lekishoni, unasikia, kimya.

Uani kwa mama wanawake walikuwa wamekaa chini, miguu imenyooshwa. Hawakuwa wanalia kwa sababu walikuwa wameshalia. Wakainua macho wakaniona nashuka kwenye pikipiki nimejifunga shuka jekundu kama mtu anakwenda harusini. Daudi alitoka ndani.

"Jua lilipofika katikati," akasema. "Dada, jua lilipofika katikati tu."

Nikakaa chini na wale wengine.

"Nilikuambia anaumwa," akasema.

"Nilisikia."

"Nilikuambia Jumatatu. Nikapanda kilima Jumanne nikapiga tena."

"Daudi, watu wakisema anaumwa, njoo..."

"Najua wanavyosema. Lakini alikuwa anaumwa. Nilitakiwa niseme nini?"

Ungesema anakula, nilimwambia. Ungesema anatukana watu. Ungesema jambo ambalo maiti hafanyi. Akanitazama, akajifuta uso na mkono wa shati. "Na wewe ungeuliza," akasema. Mdogo wangu ni mzee, meno yamemwisha mbele, na kwa siku zote hizo yeye ndiye aliyembeba mama kumtoa nje na kumrudisha ndani.

Aliyekaa na mama mwishoni ni Mama Sabina, jirani, walilima wote. Nilimwambia anieleze na asinipunguzie.

"Jumatano tulimkalisha hapo mlangoni," akasema. "Akauliza, Vero mlimwambiaje? Daudi akasema, nilimwambia unaumwa, njoo. Mama yako akacheka akapaliwa. Akasema, basi huyo ameshanizika. Hapo anatafuta mchele."

"Akacheka?"

"Siku hiyo alicheka. Alhamisi hakucheka. Uji aliukataa. Alisema, mwanangu yuko kwao ananililia, na mimi niko hapa namtaka. Leo hakukutaja. Umesema nisikupunguzie."

Mazishi ya Jumamosi sitayaeleza marefu. Mchele wa Hamisi ulifika, ukapikwa, watu wakashiba na kunisifu kwamba nimemstahi mama yangu. Mwalimu wa dini alisoma historia ya marehemu kwenye karatasi aliyoandika yeye, mistari saba, akasema marehemu alikuwa mama wa nyumbani. Nilinyanyuka nikasema alikuwa mkulima, na alipalilia shamba bila zamu ya maji tangu Daudi akiwa mgongoni. Wazee wa maji walikuwepo, watoto wa wale wa zamani. Waliangalia kofia zao. Jumapili yale maji yake ya mwisho, ya matope, wakampa mtu mwingine.

Ila nirudi nyuma, kwenye ile Ijumaa mchana, maana hilo ndilo sijamwambia mtu.

Walikuwa hawajamwosha. Mama Sabina alikataa, alisema mtoto wa kwanza yuko njiani, mama ataoga mikononi mwake. Tukaingia yeye na mimi, tukafunga mlango. Nilivua lile shuka jekundu nikalitupa pembeni. Mama alikuwa mdogo, kama msichana. Nikaanza na uso. Kwenye paji pana ule mfereji wa ukanda, miaka yote ya mizigo, kidole changu kinalala ndani yake kikatosha. Nikaosha shingo. Nikaosha mikono, viganja vigumu havikunjiki, kwenye kucha bado kuna udongo kidogo, maana Mama Sabina anasema alikuwa akikaa mlangoni anachokora tuta la karibu kwa kidole.

Kisha nikainua mkono wake wa kushoto nimwoshe kwapa. Nje yote ya mwili ilikuwa imepoa. Kwapani palikuwa na joto.

"Mama Sabina," nikasema.

"Nimeona," akasema. "Osha tu, dada."

Nikaweka kitambaa chini. Nikaweka kiganja changu pale kwapani, nikamrudishia mkono wake juu yake, nikakaa hivyo mpaka pakapoa.